Delphia na Gumegume la Akina Gayheart

Katika Bonde la Quillen, milimani mashariki mwa Kentucky, mtu aliyekuta bunduki ya kale darini kwa marehemu babu yake hakupiga simu mjini kuuliza bei. Aliizungushia blanketi, akailaza nyuma ya gari, akaenda nayo kwa Delphia Stacy. Huko alimkuta mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, miwani moja puani na nyingine imekwama kwenye nywele, ameinamia jiliwa la kubania vyuma. Delphia hakuwa mtu wa kukimbilia bunduki. Alimkaribisha mgeni kiti, akammiminia kahawa, kisha akamsimulia jambo moja la aibu lililompata ujanani. Akishamaliza ndipo aliposema, "Haya, fungua blanketi tuone."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Baba yake, Hobert Stacy, alikuwa fundi bunduki kama baba yake kabla yake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, wala sijasikia kwamba alilalamika. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na Delphia alianza kuvuta mivukuto akiwa na miaka saba, amesimama juu ya sanduku la misumari ili afikie mpini. Alipotimiza kumi na miwili alikuwa anatengeneza springi za mtambo, na wanaume waliokuja karakanani walikuwa wakimtania Hobert kwamba amejizalia mpinzani.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, siku Hobert yuko safarini, ajuza mmoja wa bonde la jirani, Bibi Rhoda Everidge, alileta bunduki ya ukoo wa mumewe. Springi ilikuwa imekatika, basi. Delphia akaitengeneza kwa saa moja. Kisha, kwa kutaka kumfurahisha yule mama, akachukua msasa na majivu akasugua kasiba, ule mtutu wa chuma, kuanzia mdomoni hadi kitakoni, mpaka ule weusi wa miaka mia ukatoka na chuma kikang'aa kama kijiko kipya. Aliisimamisha dirishani, akasubiri kusifiwa.

Hobert aliporudi aliitazama kwa muda. Akapitisha kidole gumba juu ya kasiba, polepole, akasimama mahali fulani.

"Hapa palikuwa na jina," akasema.

"Jina la nani?"

"La fundi aliyeitengeneza. Umebaki mkia wa herufi moja. Sasa sisi hatutajua."

Hakumgombeza. Alimwambia tu avae viatu. Wakatembea maili nne, baba na binti, bunduki begani mwa binti, mpaka kwa Bibi Rhoda, na Delphia akatakiwa aseme kwa kinywa chake mwenyewe alichofanya. Yule ajuza aliweka kidole pale palipokuwa na jina. "Mume wangu alikuwa akinisomea," akasema. "Sikujihangaisha kulikumbuka, maana nilijua lipo."

Maneno hayo yalimkaa Delphia kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama. Tangu siku hiyo hakugusa chuma cha kale kwa msasa, na kila mteja, tajiri au fukara, alisimuliwa habari za Bibi Rhoda kabla ya kazi kuanza. Aliolewa na mchimba makaa aitwaye Orbin, mtu wa kucheka sana, akamzika mwaka themanini na moja vumbi la mgodi lilipommaliza mapafu. Hakuhama. Alibaki na karakana, na jiko la makaa, na sifa iliyokuwa imevuka milima bila yeye kuitangaza.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kufungia vitu kabatini. Bunduki ya babu yake, ya zama za fataki, kile kidonge cha kulipuka kinachowasha baruti, aliipiga kila mwaka mwezi wa Oktoba kwenye shindano la kulenga ng'ombe. Shindano hilo ni la zamani kule: watu huchangia, ng'ombe mmoja hununuliwa, na wenye shabaha hugawana nyama kwa kupiga alama iliyochorwa kwenye ubao uliobabuliwa motoni. Mara moja mkusanyaji wa vitu vya kale kutoka mjini alimwona akishindilia risasi, akashika kichwa. "Mama, kila ukiipiga hiyo unachoma historia!"

"Na wewe kila ukiifungia kwenye kioo unaifanya bubu," Delphia akamjibu, akapiga, akajipatia paja la mbele.

Lakini watu wengine aliwakatalia katakata. Huyu alimwambia piga, yule alimwambia usithubutu, na wote waliondoka bila kinyongo kwa sababu alikuwa amewaonyesha sababu. Ndivyo ilivyokuwa mpaka Arvil Gayheart alipokuja.

*

Ilikuwa asubuhi ya Agosti, mwaka tisini na nne. Arvil alikuwa na miaka sabini na tisa, mrefu, amekauka kama fito, suruali imeshikiliwa na kanda za begani. Binti yake Verna, mwalimu wa shule mjini Lexington, ndiye aliyekuwa akiendesha, na ugomvi wao ulifika uani kabla ya gari kuzimwa.

"Shangazi Delphia, mwambie baba!" Verna akasema akishuka. Watoto wote wa bonde walimwita Delphia shangazi, hata walipoota mvi. "Watu wa makumbusho wanasema bunduki za fundi Ephraim Amburgey zimebaki tatu tu duniani. Tatu! Na baba anataka kwenda kuipiga kwenye shindano kama mtu anayekwenda kuwinda kindi."

"Baba yangu aliipiga pale," Arvil akasema. "Babu aliipiga pale. Kila Gayheart aliyefikisha umri wa kushika bunduki aliipiga pale. Mimi macho yanafifia, Delphia. Oktoba ya mwakani sijui kama nitauona ubao, sembuse alama. Sasa huyu anataka nikaiweke kwenye sanduku la kioo, watoto wa shule waje waipumulie."

"Wanaipumulia kwa adabu, baba."

"Wewe hata ulivyo mdogo ulikuwa unapumulia madirisha."

Delphia aliwapa kahawa, akawasimulia habari za Bibi Rhoda, ingawa Arvil alikuwa amezisikia mara ishirini. Kisha wakakubaliana mbele yake, kila mmoja akiwa na hakika atashinda: atakalosema Delphia ndilo litakalokuwa.

Blanketi likafunguliwa. Ilikuwa bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa jiwe la kiberiti linalogonga chuma, ndefu karibu kumfikia Delphia kidevuni, kitako chembamba cha mti wa jozi kilichopinda kama shingo ya bata. Haikuwa na madoido ya fedha wala shaba. Juu ya kasiba, kwa herufi zilizokwaruzwa kwa mkono, palisomeka *E. Amburgey*, na Delphia aliyagusa maandishi yale kwa ncha ya kidole kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Jambo la kwanza alilofanya ni lile alilofanya kwa kila bunduki. Alitumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi, ndani ya kasiba mpaka ukagota, akatia alama kwa penseli usawa wa mdomo, akauchomoa, akaulaza nje ya kasiba kupima. Ncha ilipaswa kufika kwenye tundu la moto, pale cheche inapoingilia. Haikufika. Ilipungua upana wa vidole viwili.

"Arvil," akasema kwa sauti ileile ya kuomba sukari, "sogea huku nyuma yangu. Na wewe Verna. Bunduki hii ina risasi ndani."

Verna aliweka mkono kifuani. "Imekuwa ukutani juu ya meko tangu nipate akili! Nilikuwa naipangusa vumbi!"

"Basi Mungu alikuwa akikupangusa wewe."

Delphia alitia matone ya maji kwenye tundu la moto kuloweka baruti, akasubiri, akarudia. Kisha akafunga skrubu ndogo kwenye ncha ya mdeki wa chuma, akaizungusha ndani mpaka ikauma risasi, akavuta kidogokidogo. Ilitoka ikiwa imezungukwa na kitambaa kilichokauka, chenye mistari ya bluu na nyeupe. Baruti ikafuata, tope jeusi.

Arvil alisogea, akaichukua ile risasi na kitambaa chake.

"Hicho ni kitambaa cha godoro la mama," akasema. "Denzil ndiye aliyekikata. Mama alimkimbiza na ufagio."

Denzil alikuwa mdogo wake, tofauti ya miaka kumi na minne, mtoto wa mwisho aliyedekezwa na nyumba nzima. Delphia alimfahamu, walisoma darasa moja. Asubuhi ya kuondoka kwenda jeshini, mwaka hamsini, Denzil aliingia msituni na bunduki hii kutafuta bata mzinga, akarudi mikono mitupu, akaitundika ukutani akisema ataumaliza uwindaji wake akirudi. Hakurudi. Vita vya Korea vilimmeza kabla ya Krismasi. Mama yao akakataza mtu yeyote kuigusa ile bunduki, na baada ya mama, mazoea yakakataza.

"Miaka arobaini na minne," Arvil akasema, akiigeuza ile risasi kiganjani. "Amekuwa amesimama pale anasubiri kupiga." Akaitia mfukoni. Alipoinua uso hakuwa tena mzee mbishi aliyekuja na binti yake; alikuwa mtu aliyepewa amri. "Sasa ndiyo lazima niipige, Delphia. Unaona mwenyewe."

Delphia aliona. 

Aling'oa pini zilizoshika kasiba, akaitenganisha na mbao kwa uangalifu kama anayemvua mgonjwa shati. Akaziba tundu la moto kwa kijiti, akaijaza kasiba mafuta ya taa, akaisimamisha kwenye kona. Wakaingia ndani kula maharage na mkate wa mahindi na vitunguu vibichi, na hakuna aliyezungumzia bunduki. Waliporudi alimwaga mafuta, akakausha kasiba kwa nje mpaka kitambaa kikatoka kikavu, kisha akaipaka chaki upande wa chini ambako mbao ilikuwa ikiuficha uso wake.

"Sasa tutazame," akasema.

Walitazama, wote watatu, vichwa vikikaribia kugongana. Chaki ilibaki nyeupe. Ikabaki nyeupe. Halafu, karibu na kitako, mahali baruti inapowakia, ukajitokeza mstari mwembamba wa mafuta yaliyopenya, mfupi kuliko kidole. Ukaendelea kukolea machoni pao.

"Zamani kasiba ilikuwa bamba la chuma," Delphia akaeleza taratibu. "Fundi alilikunja kuzunguka fimbo, akaliunga motoni kwa nyundo. Huo ndio mshono. Umeanza kufumuka."

"Pengine ulikuwa hivyo hata wakati wa babu," Arvil akasema.

"Pengine."

"Na haikumfanya kitu."

"Pengine ulianza juzi. Chuma hakiniambii tarehe, Arvil. Kinaniambia kimechoka. Hii isipigwe."

Verna alimrukia kumkumbatia. "Asante, shangazi! Nilijua utasema—"

"Usinishukuru," Delphia akamkata, akamweka mbali kwa mkono mmoja. "Sijakushindisha wewe. Ungekuwa mzima ule mshono, ningemwambia baba yako apige, nawe ungelia na makumbusho yako. Na nikikusikia unachekelea kwenye gari nitakuja Lexington nikuchape mbele ya wanafunzi wako."

Verna akanywea. Lakini Arvil hakusikia hata hilo. Alikuwa ameinuka.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema.

"Arvil, tulikubaliana."

"Nilikubali kabla sijajua Denzil yumo ndani. Irudishe."

Akairudisha. Mikono yake haikuharakisha, kila pini ikaingia tundu lake, na Arvil akaichukua, akaenda kukaa garini akitazama mbele.

*

Habari haikufichika. Dukani kwa Coy Hylton, mwenye uwanja wa kulengea, wanaume waliokaa kwenye makreti waligawanyika. Wengine walisema mali ni ya mtu, akitaka kuipasua aipasue. Wengine walisema Delphia amezeeka, sasa anaogopa moshi. "Hao wawili ni magumegume watupu," Coy akasema. "Ukiwagonganisha cheche zinaruka, lakini hakuna kinacholia." Delphia alikuwa nyuma ya rafu ya unga akisikia yote. Akajitokeza na mfuko wake kwapani, akamwambia Coy, "Na wewe ni baruti iliyolowa," akalipa, akatoka.

Alikwenda kwa Arvil mara tatu mwezi wa Septemba. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili haukufunguliwa, ingawa pazia lilicheza. Mara ya tatu alikwenda na keki ya tufaa, ile ya tabaka sita, akaiacha barazani na kuondoka. Siku ya tatu yake sahani ilikuwa kwenye ngazi za karakana, imeoshwa, haina hata chembe.

"Basi tumbo lake halijaninunia," akajisemea. Lakini alikuwa na wasiwasi. Alimjua Arvil tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Mtu yule alikuwa ameishi miaka arobaini na minne akijilaumu kwa jambo ambalo hakuwa na kosa nalo: yeye alikuwa mkubwa, alikuwa na mke na mtoto, wakamwacha nyumbani wakamchukua mdogo. Mtu wa namna hiyo haogopi mshono uliofumuka. Hilo ndilo lililomtia Delphia hofu.

Jumamosi ya pili ya Oktoba uwanja wa Coy ulijaa. Miti ya milimani ilikuwa imegeuka nyekundu na manjano, moshi wa mbao zinazobabuliwa umetanda, na ng'ombe mwenyewe, fahali mweusi mwenye kiburi, amefungwa kwenye uzio akitafuna bila habari. Watu thelathini na zaidi walikuwa wamekwisha kupiga. Delphia alikuwa amepiga mara mbili na kukosa mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Arvil alifika saa sita, amevaa shati jeupe la kanisani, gumegume begani. Verna alikuwa nyuma yake, macho mekundu, ameacha hata kubishana.  Hakuna aliyemzuia, kule mtu hamnyang'anyi mtu bunduki yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari, akasimamisha kasiba, akapima baruti kwenye kipimo cha pembe, akaimimina ndani. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kitambaa chenye mistari ya bluu.

Delphia aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Akatembea mpaka mstarini, mbele ya watu wote, akasimama ubavuni kwake.

"Arvil."

"Usinianze, Delphia."

"Sikuanzi. Nimekuja kukuomba kitu." Akavua miwani ya puani, akaifuta kwa aproni. "Kama lazima ilie leo, nipe mimi niipige."

Arvil akamtazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. "Wewe?"

"Mimi. Nilifika mpaka ndani yake. Mshono ninaujua ulipo: uko chini, upande wa kushoto, mahali mkono unaposhika. Ikipasuka itachukua vidole, na pengine jicho. Wewe una binti amesimama pale. Mimi sina mtoto, na Orbin ameshatangulia. Tena hii ndiyo kazi yangu. Fundi akisema bunduki ni nzima, lazima awe tayari kuweka shavu lake juu yake. Akisema ni mbovu na watu wakaipiga tu, basi shavu liwe lake vilevile."

"Acha upuuzi."

"Sifanyi upuuzi. Unataka Denzil amalize risasi yake. Haya, ataimaliza. Kuna tofauti gani nani akiishika? Nipe." Na akanyoosha mikono yote miwili, ile mikono mipana yenye makovu ya tupa, akaiweka wazi mbele yake.

 Arvil alitazama mikono ile. Alikuwa ameiona ikifanya kazi kwa zaidi ya miaka hamsini. Ilikuwa imetengeneza bunduki ya baba yake, kufuli la kanisa, hata mguu wa bandia wa Coy. 

"Hapana," akasema mwishowe. "Sitaki mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani?"

"Mtu mwingine aende badala yangu."

 Delphia alishika kasiba katikati, na Arvil akaiachia. Akaielekeza mdomo chini, akaigonga kitakoni kwa kiganja, baruti ikamwagika nyasini, laini na nyeusi, mpaka punje ya mwisho. Verna alikuja akamshika baba yake kiunoni kwa nyuma, akaegemeza uso mgongoni mwake, na yule mzee akamwacha alie hapo, shati jeupe likilowa.

Coy ndiye aliyeharibu ukimya, maana watu wa namna yake hutakiwa saa kama hizo. "Sasa, mabwana, kuna mtu anapiga au fahali afe kwa uzee?"

"Nakuja," Arvil akasema. Akajipangusa pua. "Delphia, niazime hiyo ya babu yako."

"Ukikosa usiisingizie."

"Wewe umekosa mara mbili leo, nimesikia."

"Nilikuwa nakutazamia njiani, mpumbavu wewe."

Arvil alipiga kwa bunduki ya fataki ya akina Stacy, macho yamekodolewa, moshi ukamfunika mpaka kofia. Walipouleta ubao, tundu lilikuwa mbali na katikati, lakini si mbali sana. Kwa hesabu ya Coy alipata fungu la tano, yaani ngozi na mafuta. Watu walishangilia kana kwamba amechukua ng'ombe mzima, na Arvil aliwatukana kwa furaha wote waliojitolea kumbebea ngozi.

*

Bunduki ya Amburgey haikwenda makumbusho mwaka ule. Delphia aliomba ikae kwake majira ya baridi, na Arvil mwenyewe aliileta. Delphia aliipima kila mahali kwa kamba, kwa karatasi, kwa vijiti alivyovichonga, akaandika daftari zima. Aliagiza kasiba mpya ya chuma imara, akatafuta gogo la jozi lililokauka ghalani kwa miaka, na kufikia Mei alikuwa na bunduki ya gumegume iliyofanana na ile hata katika kupinda kwa kitako. Juu ya kasiba aliandika jina lake mwenyewe na mwaka, kwa herufi zilizoingia ndani sana, ili asije mtu miaka mia mbili baadaye akadanganyika, au akalisugua likatoka.

"Ni kama kumbusu dada wa mke wangu," Arvil alisema alipoishika mara ya kwanza.

"Ulishawahi kumbusu?"

"Sijibu maswali ya namna hiyo mbele ya binti yangu."

Aliipiga Oktoba mbili. Ya pili alishikwa mkono na Verna, kwa kuwa alama hakuiona tena kabisa; Verna alimwelekeza kwa maneno, kushoto kidogo, chini, hapohapo, na wakapata paja la nyuma. Verna alikuwa amejifunza kushindilia mwenyewe kufikia hapo, na Delphia alikuwa mwalimu mkali kuliko walimu wote wa Lexington.

Ile ya kale ilikwenda makumbusho Arvil alipofariki, kwa wosia aliouandika. Delphia alisafiri nayo mapajani, maili zote zile. Mtunzaji, kijana mpole mwenye tai, alimwonyesha sanduku la kioo, lenye taa na kipima unyevu, na Delphia akakagua kila skrubu yake. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, isisuguliwe. Kijana akasema bila shaka. La pili, mtu yeyote wa ukoo wa Gayheart akija, ifunguliwe, avae glavu, aishike begani.

"Mama, kwa kawaida sisi haturuhusu—"

"Kuitunza si kuizika," Delphia akasema. "Mimi ndiye niliyewakatalia kuipiga. Walinisikiliza, na iliwauma. Ninyi mnaweza kuumwa kidogo."

Kijana alifikiri, akaenda kuzungumza na wakubwa wake, akarudi na karatasi ya kutia sahihi. Delphia akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, akaisoma yote, mstari kwa mstari, huku Verna amesimama nyuma yake akiwa ameshika mkoba na makoti yao mawili, kisha akaomba kalamu.